Kitanda Kisicholia: Namna ya Kuchagua Fremu za Vitanda vya Gesti na Hoteli

Mgeni wa chumba namba 7 hakulalamika kitu. Asubuhi alirudisha ufunguo kaunta, akaaga vizuri, akapanda bajaji kwenda stendi. Mhudumu alipoingia kufanya usafi alikuta godoro liko sakafuni, limetandikwa shuka, na kitanda kimebaki kitupu kama kichanja. Nikakikalia kukijaribu, kikalia. Nikajigeuza, kikalia tena. Ndipo nilipoelewa kwamba yule bwana alilala chini kwa heshima zake, asiwaamshe wa chumba cha pili.

Hoteli yetu ina vyumba 18, iko pwani ya Tanga. Tulipoanza, hela yote iliishia kwenye magodoro, televisheni na viyoyozi. Vitanda tulimwagizia fundi kwa mdomo tu: "Tutengenezee vya tano kwa sita, vizuri." Neno "vizuri" kila mtu ana tafsiri yake, na ya fundi ilikuwa vanishi inayong'aa. Ndani ya miaka mitatu zaidi ya nusu ya vile vitanda vilikuwa vimerudi karakana. Huu hapa ndio utaratibu ninaoufuata sasa.

Hatua ya 1: Pima chumba, pima godoro, mfikirie mgeni

Godoro ndilo linaloanza. Nunua walau moja la aina utakayotumia, lilaze chini, lipime mwenyewe kwa futi kamba. Magodoro yanayouzwa kwa jina la tano kwa sita hayalingani yote; mengine yanapungua inchi nzima, mengine yanazidi. Ndani ya fremu acha nafasi ya sentimita 2 hivi kwa jumla, za kuingiza shuka. Ikizidi hapo godoro litakuwa linatembea usiku kucha.

Futi 6 ni sentimita 183. Kwa Watanzania wengi zinatosha, lakini mtalii aliyezoea godoro la sentimita 200 kwao atalala amejikunja. Kama unapokea wageni wa aina hiyo, agiza vyumba kadhaa vyenye magodoro na fremu za futi 6 na nusu. Ukishindwa, basi ondoa ubao wa miguuni. Kitanda kisicho na kitakizo cha miguuni kinamruhusu mtu mrefu apitishe nyayo zake, wala hakigongi goti la mhudumu anayetandika. Vyumba vyetu vyote sasa havina.

Urefu wa kwenda juu, kuanzia sakafuni hadi juu ya godoro, uwe kati ya sentimita 55 na 60. Godoro la inchi 8 linachukua sentimita 20, kwa hiyo chaga zikae kwenye 35 hadi 40. Kitanda kifupi kinaonekana cha kisasa kwenye picha, lakini muulize mama wa miaka 60 mwenye magoti yanayouma namna ya kuinuka hapo. Muulize pia mhudumu anayeinama vitanda kumi kwa siku. Chumba cha mgeni anayetumia kiti cha magurudumu ndicho kinachotaka kitanda kifupi, sentimita 45 hadi 50 pamoja na godoro, ili ahame kutoka kwenye kiti bila kupanda.

Kuhusu upana: kama mnapokea watu wa semina, fikiria vitanda viwili vya tatu kwa sita vinavyoweza kufungwa pamoja vikawa sita kwa sita. Leo ni maofisa wawili kutoka mkoani, kesho ni bwana na bibi harusi. Kila fremu iwe na matendegu yake, ziunganishwe kwa boliti mbili kila upande, kisha juu utandike kigodoro chembamba cha inchi 2 kuziba mfereji wa katikati. Bila hicho kigodoro, maharusi watakulaani.

Kabla ya kuondoka chumbani pima mlango, korido na kona ya ngazi. Kwenye majengo ya zamani, kama yale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ngazi ni nyembamba na zinapinda. Fremu iliyounganishwa moja kwa moja karakana itaishia mlangoni. Agiza kitanda kinachofunguka.

Hatua ya 2: Chagua mali

Hapa ndipo watu hubishana sana, na kila fundi atakusifia kile alichonacho stoo.

Mninga bado ndio ninaoupenda. Hauchezi sana hali ya hewa ikibadilika, na moyo wake wadudu hawausumbui kirahisi. Tatizo ni ule weupe wa pembeni, sehemu iliyo karibu na gome. Bungua wanaupenda kama karanga. Fundi anayebana matumizi atakuwekea ubao wenye moyo upande mmoja na weupe upande wa pili, kisha apake rangi ya kahawia juu. Kwa hiyo kagua mbao kabla hazijapakwa chochote. Mkongo nao ni mgumu na unadumu, ila ni mzito.

Mtiki, ambao wengine huuita msaji, kwetu hautoki mbali. Upo shamba la Longuza, Muheza, na lingine la Mtibwa kule Morogoro. Ni mbao nzuri kwa pwani. Angalizo ni lile lile: mti uliovunwa ungali mdogo una weupe mwingi, na jina la mtiki pekee halizuii mdudu.

Paini ya Sao Hill, Mufindi, ni nyepesi na bei yake ni rafiki. Naitumia kwa chaga, iliyokauka na isiyo na mafundo makubwa. Kwa mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, siitumii tena, maana skurubu hulegea mapema na mgeni anapenda kukaa pembeni mwa kitanda, uzito wote ukielemea ubavu mmoja. Mkaratusi una nguvu lakini hupasuka na kupinda unapokauka. Na zile mbao za kijani za kuezekea, zilizotiwa dawa, ziache zibaki darini. Dawa yake haikukusudiwa mtu alale sentimita chache juu yake, wala vumbi lake fundi asilivute.

Ubora wa mbao hautakusaidia ikiwa mbichi. Ubao mbichi ni mzito mkononi, una ubaridi ukiugusa na unanuka mti. Mwenye kipima unyevu atafute asilimia 12 hivi. Sisi wa pwani tuna mtego wa ziada: ubao uliokauka kwa hewa ya hapa bado umebeba unyevu, ukiuingiza kwenye chumba chenye kiyoyozi unaendelea kukauka na kusinyaa. Maungio yanafunguka, kitanda kinaanza kulia mwezi wa nne au wa tano, na fundi anaapa kwamba alikikabidhi kikiwa kizima. Anasema kweli. Dawa yake ni mbao zilizokaushwa kwenye tanuri, au mbao zako mwenyewe zilizopangwa kwa nafasi ndani ya jengo kwa miezi kadhaa, na maungio ya boliti yanayoweza kukazwa tena.

Vitanda vya chuma nilivikataa kwa muda mrefu, na sasa nimelegeza msimamo. Bara, mahali pakavu kama Dodoma au Tabora, ningevichukua bila kusita kwa gesti yenye wageni wengi. Skweapaipu yenye unene wa milimita 1.5 au zaidi. Ile nyembamba inabonyea mahali pa boliti. Sehemu zilizochomewa zisuguliwe, zipakwe redoksaidi, ile ya kuzuia kutu, kabla ya rangi, kwa sababu kutu huanzia hapo. Ncha zote za mabomba zizibwe. Bomba lililo wazi ni nyumba ya kupanga ya kunguni, bila kodi. Karibu na bahari hewa ya chumvi hula chuma haraka, na matone ya kutu kwenye sakafu ya vigae hayatoki kwa sabuni.

Huku pwani na Unguja utakuta pia vitanda vya kujengwa kwa mawe na saruji, vimepigwa lipu na kupakwa rangi pamoja na ukuta. Havilii kamwe, mchwa hawavigusi, na vinapendeza. Lakini ukishajenga umejenga. Chumba hakitabadilika kuwa cha vitanda viwili. Na godoro likilazwa juu ya saruji tupu, jasho na joto la mtu vinakosa pa kutokea, upande wa chini unaota ukungu. Anayetaka kitanda cha aina hii aweke chaga juu yake, aache na matundu ya hewa ubavuni.

MDF na chipubodi, zile mbao za unga na vipande vya mti vilivyogandishwa kwa gundi: hapana. Maji ya deki yakizifikia zinavimba kama andazi, na tundu la skurubu likishalegea halishiki tena. Nimesema hapana.

Yapo pia maboksi ya kulazia godoro yaliyovikwa kitambaa, yanayoagizwa kutoka nje. Yanastarehesha na hayana kelele. Ukiyataka, muulize muuzaji kuhusu kushika moto. Kwa Uingereza kipimo chake kinaitwa BS 7177, na hoteli huhesabiwa kwenye daraja la hatari ya kati. Kisha geuza boksi chini juu uone kitambaa cha chini kimefungwaje. Kama hakifunguki, hutajua kinachoishi mle ndani.

Hatua ya 3: Hesabu chaga

Watu huilaumu sponji ilhali kosa ni la chaga. Godoro linadidimia kwenye mianya, mgeni anaamka na mgongo unauma, wewe unanunua godoro jingine.

Chukua kitanda cha futi 6. Ubao wa inchi 4 ukishapigwa randa unabaki na kama sentimita 9. Fundi akikuwekea chaga 8, kama ilivyo desturi ya wengi, mwanya kati ya chaga na chaga ni karibu sentimita 16. Ngumi mbili zinapita hapo. Ukidai chaga 13, mwanya unashuka hadi sentimita 5 na nusu. Mwanya usizidi sentimita 7. Tofauti ni mbao tano kwa kitanda, na zinaongeza umri wa godoro kuliko kitambaa chochote cha kulifunika. Mtu asiende upande wa pili akaweka ubao mzima wa plaiwudi bila tundu. Kwa unyevu wa pwani godoro linataka kupumua.

Kuanzia futi 4 za upana, chaga zinahitaji boriti ya katikati inayokwenda kutoka kichwani hadi miguuni, yenye miguu yake miwili inayogusa sakafu. Igusane kweli. Nimeona miguu iliyoachwa ikining'inia nusu sentimita hewani, pambo tupu. Watu wazima wawili na godoro wanafika kilo 200 bila shida, na hapo hatujamhesabu mtoto anayeruka.

Chaga hulala juu ya ubao mwembamba uliopachikwa ndani ya mfumbati. Huo ubao ushikwe kwa gundi pamoja na skurubu kila baada ya sentimita 20. Ukishikwa kwa misumari, ipo siku utang'oka, na mara nyingi siku hiyo huwa ni usiku wa manane.

Hatua ya 4: Ua kelele kabla haijazaliwa

Kitanda hulia pale vitu viwili vinaposuguana: ubao na ubao, au chuma na chuma. Kila kona iwe na boliti mbili za milimita 8 au 10 zenye nati na washa. Vile vibati vya kuchomeka na kutoa ni vyepesi kufunga, lakini vinalegea na huwezi kuvikaza.

Chini ya kila ncha ya chaga fundi abandike kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Gharama yake haifiki ya soda, na sijaona kitu kinachofanya kazi kuliko hicho. Kisha kila chaga ishikwe kwa skurubu moja kila upande isitembee.

Ubao wa kichwani usifungwe kwenye kitanda. Utundike ukutani kwa kulabu, unaoweza kunyanyuliwa. Ukiwa umefungwa kwenye fremu, kila mtu akijigeuza unagonga ukuta na jirani anasikia. Na nguzo nne za chandarua, zile za mtindo wa samadari, zinapendeza sana kwenye picha. Ila zikiwa ndefu na maungio yake dhaifu, zinakuza kila mtikisiko. Kama dari inaruhusu, tundika neti juu na ukiache kitanda na matendegu yake mafupi.

Hatua ya 5: Maji ya deki na kunguni

Kwenye gesti sakafu hupigwa deki kila siku. Tendegu la mbao linalosimama moja kwa moja kwenye vigae linanyonya maji kutoka chini, mwaka mmoja, miwili, hadi linaoza huku juu likiwa bado linang'aa. Agiza vikanyagio vya raba au plastiki ngumu vya sentimita 2. Chini ya kitanda kuwe na nafasi ya sentimita 20 au zaidi, mopu iingie na jicho lione. Droo za chini ya kitanda zinafaa nyumbani kwako. Hotelini hukusanya vumbi na soksi za wageni.

Kuhusu kunguni tusioneane haya. Utafiti wa shirika la afya la Ufaransa, ANSES, uliotolewa mwaka 2023, ulikuta asilimia 11 ya kaya za nchi hiyo zilivamiwa kati ya 2017 na 2022. Kwa hiyo mtu asikwambie kunguni ni wa gesti za uswahilini. Wanakuja kwenye mabegi ya wageni, wa bei zote. Unachoweza kuchagua ni kama watapata pa kujificha. Fremu yenye mianya michache, isiyo na vitambaa vilivyoshonewa vifungo, rangi yake ya ndani ikiwa nyeupe au ya mbao asilia ili madoa meusi yaonekane, na inayofunguka kwa spana moja, unaweza kuikagua kwa dakika kumi. Mayai huanguliwa kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi hivi, na mdudu mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo kupuliza dawa mara moja na kufunga chumba siku mbili ni kujidanganya, hasa kwa vile dawa nyingi za kawaida wameshazizoea. Joto linalozidi nyuzi 50 huwaua pamoja na mayai, na mashine ya mvuke inafika vizuri pale tu fremu inapofunguka. Kisogeze kitanda sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani.

Vitanda vya mtumba vya hoteli zilizofungwa vinaweza kuwa imara ajabu. Ukivinunua, vifungue vyote nje ya jengo, juani, kabla havijavuka kizingiti.

Hatua ya 6: Agiza kimoja kwanza

Usilipie vitanda 18. Lipia kimoja, kiweke kwenye chumba kinachopata wageni wengi, kiache wiki sita. Kabla ya hapo kijaribu wewe: simama katikati, kaa kona zote nne, lala, jigeuze huku mwenzako akisikiliza nje ya mlango. Mwombe mhudumu wa vyumba akitandike mara tatu, umsikilize anavyosema. Katika hoteli yetu dada anayesimamia usafi ndiye aliyekataa mtindo mmoja ambao mimi nilishaupenda, kwa sababu kona zake kali zilikuwa zinamchana shuka. Alikuwa sahihi.

Kikipita, andikianeni. Aina ya mbao, unene, idadi ya chaga, ukubwa wa boliti, nani anasafirisha, na kwamba mbao zitakaguliwa kabla ya kupakwa. Malipo yatolewe kwa awamu, na sehemu ya mwisho ishikiliwe hadi vitanda vimefungwa vyumbani na vimekaliwa. Fundi mwema haogopi maandishi. Mwingine ataanza kusema ana msiba.

Bei itakuumiza kidogo, kwa hiyo igawanye kwa miaka. Tuseme, kwa mfano tu, fremu ya laki 2 inadumu miaka mitatu: ni kama shilingi elfu 67 kwa mwaka. Ya laki 4 na nusu ikidumu kumi, ni elfu 45. Na hapo hujahesabu usiku ambao chumba kimefungwa kikisubiri fundi, wala yule mgeni aliyelala sakafuni asirudi tena.

Hatua ya 7: Vikishafika

Kila fremu na vipande vyake viandikwe namba ya chumba kwa kalamu isiyofutika, upande usioonekana. Kaza boliti zote baada ya mwezi wa kwanza, kisha kila baada ya miezi minne. Kwa vyumba vyenye kiyoyozi fanya kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Agiza chaga 10 na boliti 20 za akiba siku ile ile unayoagiza vitanda, za kipimo kile kile, uzifungie stoo pamoja na spana yake. Spana ifungwe kamba kwenye rafu. Ya kwetu ilihamia jikoni mara mbili.